Kisima Kuwa Darasa: Kufundisha Habari za Maji Matamu ya Unguja na Mabadiliko ya Tabianchi

Mwalimu afundishaye mada ya mabadiliko ya tabianchi katika skuli za Unguja hukuta kwamba mifano mingi ya vitabuni hutoka mbali. Barafu ya ncha za dunia inayeyuka, theluji ya Kilimanjaro inapungua, na jangwa la Sahara linatajwa kila ukurasa wa tatu. Mwanafunzi wa Malindi au wa Makunduchi huyakariri hayo, akayaandika katika mtihani, kisha jioni akachukua ndoo akaenda kisimani bila ya kutambua kwamba ndoo ile na somo lile ni jambo moja.

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kulianzisha somo hilo kutoka kisimani, kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya skuli ya msingi na wale wa kidato cha kwanza na cha pili. Zana zinazotakiwa ni chache, na takriban zote hupatikana mtaani. Kuna hatari moja ambayo ni bora itajwe tangu mwanzo. Baadhi yetu, tukishapata mfano wa karibu, hupenda kuubebesha kila mzigo. Kisima kikiwa na chumvi, tunasema ni tabianchi. Mfereji ukikauka, ni tabianchi vilevile. Mwanafunzi anayefundishwa hivyo hajafundishwa sayansi. Katika kisiwa chetu kuna mambo matatu yanayogusa kisima kwa wakati mmoja, nayo ni mvua, bahari na pampu. Kazi ya somo hili ni kumwezesha mtoto kuyatenga, na kulipima kila moja kwa kadiri ya uwezo wake.

MAJI YETU YANATOKA WAPI

Somo lianze kwa swali hili, na mwalimu asiharakishe kulijibu. Wanafunzi wengi watasema kwamba maji ya kisima hutoka katika mshipa wa maji, nao mshipa huo hutoka bara au chini ya bahari. Haifai kuwacheka. Neno "mshipa" ni la wachimbaji wa visima, na katika ardhi yetu ya mawe ya matumbawe lina ukweli ndani yake, kwani maji hupita katika nyufa na mapango. Aliyeingia katika pango la Mangapwani ameliona dimbwi la maji matamu ndani ya jiwe. Linalohitaji kusahihishwa ni fikira ya kwamba mshipa hauna mwisho na kwamba haudai kitu kutoka juu.

Mwalimu achore ramani ya kisiwa ubaoni. Upande wa magharibi na wa kati ipo miinuko yenye udongo wa kina, pamoja na ule wa Masingini ambao msitu wake umehifadhiwa kwa ajili ya vyanzo vya maji ya Mji. Huko ndiko ziliko chemchemi za Mtoni na za Bububu. Upande wa mashariki na wa kusini ni uwanda, yaani nchi ya mawe yenye udongo haba. Mvua ikinyesha uwandani huzama mara moja. Hata Mto Mwera, baada ya kuteremka kutoka miinukoni, hupotea mawemawe usionekane tena. Hapa wanafunzi waulizwe: "Mto umekwenda wapi?" Swali hilo peke yake laweza kuchukua robo ya kipindi, na si robo iliyopotea.

Jibu ni kwamba maji yale, pamoja na mvua yote iliyozama, yamekusanyika ndani ya jiwe, na kwa kuwa kisiwa kimezungukwa na bahari pande zote, na maji ya bahari nayo huingia ndani ya jiwe hilohilo, maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Hakuna sakafu iliyoyatenga. Kinachoyatenga ni uzito tu. Dhana hii ndiyo nguzo ya somo zima, na mwanafunzi asiyeishika hatafaidika na yatakayofuata. Kwa hiyo isielezwe kwa maneno matupu.

JARIBIO LA BILAURI

Chukua lita moja ya maji, uyatie vijiko sita au saba vya chai vya chumvi ukoroge hadi ichujuke. Hiyo ni karibu sawa na chumvi ya bahari, ambayo ni kiasi cha gramu 35 kwa lita. Tia matone ya wino. Mimina maji hayo katika bilauri hadi nusu. Kisha chukua maji matamu uyamimine polepole sana juu ya mgongo wa kijiko kilichogusa uso wa maji ya wino. Ukifanya kwa utulivu, matabaka mawili yatakaa, jeupe juu na la rangi chini, na yatabaki hivyo kwa muda mrefu.

Sasa chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lenye mrija mwembamba. Ncha ya mrija iwe katikati ya tabaka la juu. Vuta polepole, yatakuja maji meupe. Vuta kwa nguvu, au endelea kuvuta hadi tabaka la juu limekonda, na wanafunzi wataona rangi ikipanda kama mlima mdogo kuifuata ncha ya mrija. Mwanafunzi aliyeona mlima ule haihitaji tena kuambiwa kwa nini pampu yenye nguvu, iliyowekwa pasipo na maji mengi, huishia kutoa chumvi. Jaribio lirudiwe tabaka la juu likiwa nene, kisha likiwa jembamba, ili waone kwamba kosa haliko katika pampu peke yake wala katika unene peke yake.

Skuli yenye tangi la kioo, hata lililovunjika upande mmoja likazibwa, yaweza kufanya zaidi. Jaza mchanga wa chengachenga uinuke katikati kama kisiwa. Tia maji ya wino yenye chumvi pembeni. Kisha nyunyiza maji matamu juu ya kisiwa kwa kopo lililotobolewa kwa msumari. Kupitia kiooni utaona maji meupe yakijenga umbo la ngalawa, sehemu ndogo juu ya usawa wa bahari na sehemu kubwa chini yake. Mchanga wa pwani uoshwe kwanza, la sivyo kisiwa kitakuwa na chumvi kabla ya somo kuanza.

KANUNI YA AROBAINI NA MATUMIZI YAKE MABAYA

Mwishoni mwa miaka ya 1880 Mholanzi Badon Ghijben, na mwaka 1901 Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa utafiti wake, walionyesha uhusiano ambao wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kuupata wenyewe kwa hesabu. Uzito wa maji matamu ukihesabiwa kuwa 1.000, ule wa maji ya bahari ni 1.025. Tofauti ni 0.025, na 1.000 ikigawanywa kwa 0.025 jibu ni 40. Kwa hiyo palipo na mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, kwa makadirio, pana mita 40 nyingine chini yake. Huo ni wema wa kisiwa. Lakini kanuni hufanya kazi pia kinyume chake. Pampu ikiushusha uso wa maji kwa sentimita 10 tu na kuuacha hapo, mpaka wa chumvi hatimaye hupanda kwa mita 4. Mwenye kisima ataona kwamba maji yameshuka kwa kina cha kiganja, akaona si kitu.

Katika jiwe letu lenye nyufa na mapango kanuni hii si sahihi kabisa, na mpaka wenyewe si mstari bali ni ukanda wa maji ya chumvichumvi. Hilo mwalimu aliseme. Zaidi ya hilo, lipo kosa la hesabu linalojitokeza mara kwa mara darasani. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2021 ya jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 baina ya mwaka 1901 na 2018, na baina ya 2006 na 2018 ulikuwa ukipanda kwa milimita 3.7 kila mwaka. Mwanafunzi hodari huchukua sentimita 20, akazidisha kwa 40, akasema kwamba kisiwa kimepoteza mita 8 za maji matamu. Hesabu ni safi, ila jibu si kweli. Mazungumzo kama haya yanafaa kulisahihisha:

Mwalimu: Maji matamu yamekaa juu ya nini?
Mwanafunzi: Juu ya maji ya chumvi.
Mwalimu: Yamekaa kama jiwe juu ya jiwe?
Mwanafunzi: Hapana, mwalimu. Yanaelea.
Mwalimu: Ngalawa inayoelea, maji yakijaa, huzama?
Mwanafunzi: Haizami. Hupanda na maji.
Mwalimu: Basi bahari ikipanda sentimita 20, maji matamu yatafanya nini?
Mwanafunzi: Nayo yatapanda.
Mwalimu: Na ngalawa ikiwa chini ya daraja, na maji yanazidi kujaa?
Mwanafunzi (baada ya kufikiri): Itagonga.

Daraja hapa ni uso wa nchi. Palipoinuka, kama Masingini, maji matamu yana nafasi ya kupanda pamoja na bahari, na madhara ya moja kwa moja ni madogo. Penye nchi ya chini, karibu na fukwe na kwenye mabonde yanayofikiwa na maji ya bahari, nafasi hiyo haipo. Maji yakifika juu hutiririka au hukauka kwa jua, na chumvi ikaingia mahali pake. Tena bahari inapokula ufukwe, upana wa nchi hupungua, na kisiwa chembamba hubeba ngalawa nyembamba. Kwa hiyo swali la kumpa mwanafunzi ni "bahari inapanda wapi, na nchi ya mahali hapo imeinuka kiasi gani?" Mwanafunzi wa Nungwi na mwanafunzi wa Kizimbani watalijibu kwa njia mbili mbalimbali, na wote watakuwa wamesema kweli.

HESABU YA PAA NA TANGI

Mada ya mvua ndiyo iliyo ngumu kuifundisha kwa uaminifu. Wazee watasema kwamba masika ya siku hizi si masika ya zamani. Wana haki ya kusikilizwa, lakini kumbukumbu si kipimo. Katika Afrika Mashariki kwa jumla, mvua za masika zilipungua tangu miaka ya 1980 hadi kiasi cha mwaka 2010, ilhali hesabu za kompyuta zilikuwa zikionyesha kwamba zitaongezeka, na wataalamu wenyewe wamekuwa wakiliita jambo hilo kitendawili. Vuli nazo hutegemea sana joto la Bahari ya Hindi. Mwaka 1997 na mwaka 2019, upande wa magharibi wa bahari hiyo ulipokuwa na joto kupita upande wa mashariki, vuli zilileta mafuriko katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Vuli ya 2021 ikawa haba. Mwalimu asimwambie mtoto kwamba mvua inapungua tu, wala kwamba inaongezeka tu. Jambo lililo imara zaidi ni hili: hewa ikizidi joto kwa digrii moja ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7, na kwa sababu hiyo mvua inaponyesha huelekea kunyesha kwa kishindo zaidi.

Je, mvua ya kishindo ina ubaya gani kama jumla ya mwaka ni ileile? Hapa hesabu ya paa la skuli ina thamani kuliko hotuba. Wanafunzi wapime paa la banda moja la madarasa. Tuseme ni mita 30 kwa mita 8, yaani mita za mraba 240. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tukikadiria kwamba asilimia 80 hufika kwenye tangi, mvua ya milimita 100 itatupa lita 19,200. Skuli ina tangi la lita 10,000 na wanafunzi 600, na kila mmoja hupewa lita 2 kwa siku, jumla lita 1,200.

Fikiria kwanza kwamba milimita 100 zimenyesha kwa siku kumi, milimita 10 kila siku. Kila siku zinaingia lita 1,920, zinatumika 1,200, zinabaki 720. Mwisho wa siku ya kumi tangi lina lita 7,200, ambazo zinatosha siku sita nyingine. Hakuna tone lililomwagika, na skuli imepata maji kwa siku 16. Sasa fikiria kwamba milimita zilezile 100 zimenyesha usiku mmoja. Tangi linapokea lita 10,000 na lita 9,200 zinamwagika uani. Maji yatatosha siku nane, na siku ya tisa hayatafika nusu ya wanafunzi. Mvua ni moja, paa ni moja, tangi ni moja.

Ardhi nayo ni tangi, japo si la namna ileile. Uwandani mvua ya kishindo huzama upesi, lakini huzama na kila uchafu uliokuwa juu, kwa kuwa jiwe lenye nyufa halichuji kama mchanga. Kwenye udongo mzito, na zaidi katika mitaa ya Ng'ambo iliyojengwa nyumba na barabara hadi pasibakie kiwanja, maji hayapati pa kuzama. Hukimbilia mabondeni, yakaingia majumbani na vyooni, kisha visimani. Ndiyo maana mafuriko na uhaba wa maji safi vinaweza kufika mtaa mmoja katika wiki moja, jambo ambalo wanafunzi huliona kuwa la ajabu hadi wafanye hesabu hii.

Kulinganisha na Dar es Salaam kunafaa. Mji ule hutegemea zaidi Mto Ruvu, na mto husikia ukame upesi. Vuli ilipochelewa mwaka 2022, mgao wa maji ulitangazwa huko mwezi wa Oktoba. Kisiwa cha visima husikia kwa kuchelewa. Vuli mbaya huonekana visimani miezi kadhaa baadaye, wakati watu wamekwisha kuisahau, wakatafuta mtu wa kulaumiwa.

Walimu wanaoweza kupeleka darasa katika kisiwa cha Chumbe watakuta mfano kamili wa paa na tangi. Nyumba za wageni za huko zilijengwa mapaa yao yakusanye mvua na kuihifadhi katika matangi yaliyo chini ya sakafu, na hifadhi ile imekuwa ikipokea wanafunzi wa skuli zetu kwa masomo ya mazingira kwa miaka mingi.

MJI MKONGWE: SOMO LA HISTORIA NDANI YA SOMO LA SAYANSI

Mwalimu wa Mjini asidhani kwamba yeye hana kisima cha kufundishia. Nyumba nyingi za zamani za Mji Mkongwe zina visima, na misikiti ina visima na mabirika ya kutawadhia. Wanafunzi waulizwe kwa nini watu waliokuwa na visima milangoni mwao walihitaji maji ya kutoka mbali. Shangani ni rasi, bahari iko karibu kila upande, na zamani hori lililopita Darajani liliutenga Mji na Ng'ambo. Mwanafunzi aliyeelewa habari ya ngalawa atasema mwenyewe kwamba chini ya nchi nyembamba namna ile maji matamu hayawezi kuwa mengi. Tena mji uliokuwa na watu wengi na vyoo vya shimo, juu ya mawe na mchanga, ulichafua hata hayo machache. Kipindupindu kiliupiga Mji mwaka 1869 na 1870. James Christie, daktari aliyekuwepo Unguja wakati huo, aliandika kitabu juu ya maradhi hayo, kikachapishwa mwaka 1876.

Katika enzi ya Sultani Barghash, iliyoanza mwaka 1870 na kwisha mwaka 1888, maji ya chemchemi za kaskazini ya Mji yalivutwa kwa mfereji hadi Mjini. Kwa mwalimu wa jiografia tukio hilo ni la maana kuliko mwalimu wa historia anavyodhani, kwani tangu siku ile Mji umekuwa ukinywa mvua inayonyesha mahali pengine. Mfereji wa Shangani ukikauka, chanzo chake si lazima kiwe Shangani. Na mifereji inapokauka watu hurejea visima vilevile walivyoviacha babu zao, ambavyo leo viko katikati ya majengo zaidi. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 na 2016 uwe mfano wa karibu, lakini mwalimu autaje kwa staha. Katika darasa huenda yumo aliyefiwa.

WATU NA PAMPU

Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 476,111 katika Zanzibar nzima, Unguja na Pemba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Wanafunzi wagawanye, watapata karibu mara nne. Hakuna aliyedai kwamba mvua imeongezeka mara nne. Kabla ya neno lolote juu ya tabianchi kuandikwa ubaoni, takwimu hizi mbili ziwe zimekaa hapo, maana ndizo zinazoonyesha kwamba hata kama hewa isingebadilika hata chembe, visima vyetu vingekuwa katika dhiki. Tabianchi huongeza uzito juu ya mzigo uliokwisha kubebwa.

Lipo pia suala la hoteli. Utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa mwaka 2001, uliohusu pwani ya mashariki, ulikadiria kwamba mgeni mmoja wa hoteli alitumia wastani wa lita 685 kwa siku. Ndoo moja ni lita 20. Basi hizo ni ndoo 34 na zaidi. Kila mwanafunzi aandike kwa siku tatu idadi ya ndoo zinazotumika nyumbani kwao, agawanye kwa watu wa nyumba, kisha alinganishe. Nashauri mwalimu asitoe hukumu yake katika kipindi hiki. Wazazi wa baadhi ya wanafunzi hupata riziki yao katika hoteli hizo, na wengine ndio wanaochota kisima kilicho jirani nazo. Darasa la Jambiani au Kiwengwa lina pande zote mbili katika deski moja. Namba ziachwe zizungumze, na majadiliano yaelekezwe kwenye swali la kanuni ya arobaini: pampu nyingi zikiwekwa karibu karibu penye tabaka jembamba, nani huonja chumvi kwanza? Si mwenye pampu kubwa, kwani yeye huweza kununua maji ya gari au mtambo wa kuondoa chumvi.

Wanafunzi wa madarasa ya juu waelezwe pia kwamba Sheria ya Maji ya mwaka 2006 iliunda Mamlaka ya Maji Zanzibar, ili wajue kwamba uchimbaji na utumiaji wa maji ya ardhini ni jambo la sheria.

DAFTARI LA KISIMA

Hatua ya mwisho ni kipimo, nayo hufanywa nje. Chagua visima viwili vya wazi, kimoja karibu na ufuko na kingine mbali, vyenye kuta imara na wenyewe walioombwa ruhusa. Wanafunzi waende na mwalimu, wawasalimie wenye kisima kwa adabu, waeleze wanalotaka. Mara nyingi bibi wa nyumba atawapa habari ya kisima kile ambayo hakuna kitabu kilichoiandika, kama vile mwaka kilipochimbwa na mwezi ambao maji yake hubadilika. Habari hiyo iandikwe mbali na vipimo.

Kamba yenye mafundo kila baada ya nusu mita, na jiwe mwishoni, hutosha kupima kina kutoka ukingoni hadi uso wa maji. Kilichobaki kipimwe kwa rula. Pima asubuhi na jioni kwa siku kumi na tano, tangu bamvua hadi bamvua, pamoja na kuandika saa za maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua tofauti baina ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hukaribia mita 4, nayo hupungua sana siku za maji mafu. Kisima cha pwani kitafuata bahari, kikichelewa kidogo. Cha mbali hakitatikisika. Watoto wa wavuvi, ambao pengine hawang'ari katika mitihani, huwa walimu wa wenzao katika zoezi hili, nami naliona hilo kuwa faida kubwa kama lilivyo somo lenyewe.

Kuhusu chumvi, wanafunzi wasionje. Kisima kisichokuwa na chumvi chaweza kuwa na maradhi. Chemsha kiasi kilekile cha maji ya kila kisima katika sufuria safi hadi yakauke, kisha linganisha mabaki. Hapa kuna mtego. Maji yetu yamepita katika mawe ya matumbawe, kwa hiyo hata yaliyo matamu huacha utando mweupe wa chokaa, uleule unaoshika ndani ya birika la chai. Mwanafunzi asiyejua ataandika kuwa maji yote ni ya chumvi. Mabaki yatiwe maji kidogo ya mvua. Chumvi huyeyuka, chokaa hubaki. Chokaa iliyobaki ikidondoshewa ndimu hutoa mapovu. Skuli yenye maabara itumie myeyuko wa naitreti ya fedha, ambao hugeuka mweupe penye chumvi.

Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha ana wiki chache tu, na wiki hizo hazitamwonyesha mabadiliko ya tabianchi. Zitamwonyesha bamvua na maji mafu, na labda mvua moja. Kwa hiyo daftari liwe la skuli wala lisiwe la mwalimu. Liandikwe jina la kisima, tarehe, saa, kina, hali ya bahari, mvua ya siku iliyopita katika kopo lililotegwa uani, na kama pampu ya jirani ilikuwa ikifanya kazi. Safu hii ya mwisho husahauliwa, na bila yake haiwezekani kutenga kazi ya mvua na kazi ya mtu. Kipimo kirudiwe mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari kabla ya masika na mwezi wa Septemba kabla ya vuli, katika siku za maji mafu ili bahari isiingilie hesabu. Darasa linaloondoka likabidhi daftari kwa darasa linaloingia, kisimani penyewe, pamoja na kamba.